Mzee Ike Kwenye Santuri ya Wanawe

Mwishoni mwa 1968 nilikuwa mwanafunzi Los Angeles, na Jumamosi nilikuwa nauza santuri katika duka moja ili nipate nauli na chakula. Roots ya Everly Brothers ililetwa mwezi Desemba, wakati karibu kila mteja aliyeingia alitaka ile ya Beatles yenye jalada jeupe tupu. Tukaipanga kwenye rafu. Ikakaa hapo.

Don na Phil Everly nilikuwa nawafahamu tangu nyumbani, upande wa Kericho. Nilipokuwa mtoto, Bye Bye Love ya 1957 ilipigwa hata na watu ambao hawakujua neno moja la Kiingereza. Lakini kufikia 1968 Wamarekani walikuwa wameshawaona wazee, ingawa Phil hakuwa ametimiza hata miaka 30. Vijana wa Uingereza waliojifunza kwao namna ya kuoanisha sauti mbili ndio waliokuwa wakivuna.

Siku niliyoipiga dukani mara ya kwanza, mteja mmoja alikuja mezani kuniambia sahani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Inaanza na kipande cha kipindi cha redio cha 1952, sauti zimekwaruza kama zinatoka chini ya kisima: baba yao Ike Everly anawakaribisha wasikilizaji, mkewe Margaret yupo, na watoto wawili, mmoja wa miaka 15, mwingine 13. Familia nzima ilikuwa ikiimba redioni kule Iowa kutafuta riziki. Mara kipande kinakatika, na wale wale watoto wanaingia wakiwa watu wazima, na ngoma na magitaa ya 1968, wakiimba Mama Tried ya mwimbaji wa kantri Merle Haggard.

Aliyeisimamia kazi hiyo ni Lenny Waronker, kijana wa Warner Bros. aliyekuwa na miaka 27. Ron Elliott wa kundi la Beau Brummels alileta nyimbo mbili, mojawapo Ventura Boulevard, barabara ambayo sisi wa Los Angeles tuliijua kwa foleni zake. Randy Newman, rafiki wa Waronker tangu utotoni, alitoa Illinois, jimbo alikozaliwa Phil baada ya Ike kuiacha migodi ya makaa ya mawe ya Kentucky na kwenda Chicago kupiga gitaa kwenye baa. Ila wimbo niliokuwa naurudishia sindano kila mara ni I Wonder If I Care as Much. Waliitunga wenyewe, na mwaka 1957 ilikuwa upande wa pili wa Bye Bye Love. Hapa wameipunguza mwendo mpaka inaburuta miguu. Phil juu, Don chini, na wanavuta pumzi pamoja. Huwezi kumsikia mmoja akimsubiri mwenzake. Waimbaji wasiozaliwa tumbo moja hufanya mazoezi miaka na bado wasilipate jambo hilo.

Halafu kuna T for Texas ya Jimmie Rodgers. Nilipoisikia nilicheka peke yangu nyuma ya meza. Kwetu sisi Wakipsigis, sahani za Rodgers zilifika kwa gramafoni za Wazungu kabla sijazaliwa, na mabibi zetu wakamfanya mtu wao, wakamwita Chemirocha: nusu binadamu, nusu paa, mwenye kucheza na kuimba. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wakimwimba mwaka 1950. Nikawaza, hawa ndugu wawili wanamwimba babu wa muziki wao, kumbe hata mimi namjua kwa hadithi za jikoni!

Rafiki niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, hakuona cha kuchekesha. Ulikuwa mwaka ambao Martin Luther King aliuawa, na George Wallace akagombea urais kwa kura za watu wasiotaka kukaa basi moja na sisi. Kwake kantri ilikuwa muziki wa watu hao. "Ndugu yangu, umetoka Afrika kuja kusikiliza hiki?" aliniuliza. Sikubishana naye. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nimesharudi Kenya, nikisoma habari za magitaa ya Kentucky. Ike Everly alisifika kwa kupiga besi kwa kidole gumba huku vidole vingine vikichora wimbo, jinsi wanavyofanya wapigaji wengi wa magharibi mwa Kenya. Mtindo huo ulipita kwa wapiga gitaa Kennedy Jones na Mose Rager mpaka kwa Ike, na Jones na wenzake waliuchota kwa Arnold Shultz, mtu mweusi aliyefanya kazi migodini na kwenye meli za mtoni. Wanawe walikulia ndani ya mtindo huo.

Roots haikuingia kwenye chati ya Billboard. Dukani kwetu iliishia kwenye sanduku la bei ya kutupa, nami nikanunua nakala yangu humo. Julai 1973 ndugu hao walitengana jukwaani California mbele ya watu, na wakakaa miaka kumi bila kuimba pamoja. Phil alifariki 2014, Don 2021.

Siku hizi wanaoandika historia ya kantri-roki huanzia Sweetheart of the Rodeo ya The Byrds, iliyotoka Agosti ya mwaka ule ule. Sina ugomvi na The Byrds, lakini wao walikwenda kuutafuta muziki huo ukubwani, na ndugu wa Everly waliuacha uongee kwa kinywa cha baba yao. Kwa sikio langu Roots ndiyo bora. Ukiipata, usikiruke kile kipande cha redio. Na ukimsikia Ike, mkumbuke pia Arnold Shultz, aliyefariki 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja.