Kazi isiyo na kengele



Nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, hapa Lubumbashi. Si jambo kubwa. Hakuna aliyekufa wala aliyefungwa. Lakini naona wengi kati yenu wameanza kazi iliyo sawa na yangu, kazi ya kujitegemea nyumbani, pasipo bwana wa kazi, pasipo biro, pasipo saa ya kuingia wala ya kutoka. Huyu anashona nguo za shule barzani, huyu anapiga hesabu za maduka ya watu kwa kompyuta, huyu anatengeneza picha za arusi. Basi, pengine maneno yangu yatawafaa kidogo.

Mimi ni katekista wa parokia. Nilisoma seminari miaka kadha wa kadha, kisha nikatoka, nikaoa. Ukatekista haujazi sufuria, ninyi mwajua. Chakula chetu chatoka katika kutafsiri. Watu wa mashirika na wa redio wananitumia maandiko ya Kifaransa, nami nayageuza kuwa Kiswahili: habari za chanjo, habari za maji safi, matangazo ya namna nyingi. Nalipwa kwa hesabu ya maneno, kila neno senti chache za dola. Na mtu alipwaye kwa maneno, tazameni, kila dakika asiyoandika anaiona kama fedha iliyoanguka chini. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Babu yangu hakuujua ugonjwa huo. Aliingia kazini Union Minière du Haut-Katanga zamani zile mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, akaendelea hata baada ya mwaka 1967, serikali ilipoitwaa kampani na kuigeuza kuwa ile tunayoiita leo Gécamines. Kazi ilikuwa ngumu, naye hakuisifu. Lakini alisema hivi: king'ora kikilia jioni, hata msimamizi hana neno tena. Unanawa mikono, unakwenda zako. Ukifika nyumbani umefika.

Mimi nami nilikuwa na king'ora changu, ndiyo kengele ya seminari. Kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya shamba, ya kulala. Nilikuwa naichukia. Walitufundisha ya kwamba desturi ile yatoka mbali, kwa Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake Kanuni katika karne ya 6. Katika sura ya 43 anaagiza kwamba mtawa akisikia ishara ya saa ya sala aache mara moja kilichomo mkononi mwake, aende. Mimi nilidhani kengele iliwekwa kwa ajili ya wavivu. Sikuona ya kuwa mvivu hahitaji kengele ya kumwachisha kazi. Anayeihitaji ni yule aipendaye kazi, au yule anayeogopa njaa.

Nilipoanza kazi ya nyumbani nilifurahi mno. Nikasema: Sasa hakuna wa kunituma. Lo! Kila mtu alinituma. Ndugu zangu waliponiona mchana nimekaa nyumbani, walisadiki kwamba sina kazi. Shangazi alikuwa akija asubuhi: “Baba Yosefu, maadam upo tu, nenda unifuatilie karatasi zangu za lupango.” Jirani akaniachia mtoto wake “kidogo tu”, naye hurudi jua likizama. Mwingine akaleta simu nimtengenezee, kana kwamba mtu akiwa na kompyuta ni daktari wa simu. Nikiwaambia, “Ninafanya kazi,” walichungulia juu ya bega langu, wakaona maandiko, wakacheka. Kwao kazi ni kuondoka. Mtu anayevaa viatu asubuhi na kutoka langoni, huyo ndiye mfanyakazi. Mimi nilikuwa nimevaa ndala.

Niliona haya kukataa, kwa sababu katekista akikataa watu, watasema nini? Kwa hiyo mchana nikawa mtumishi wa watu wote, na kazi yangu ikahamia usiku. Tena mtaani kwetu mara nyingi umeme unakatika mchana, unarudi watu wakiwa wamelala. Nikawa kama popo. Saa nne ya usiku nilikuwa naanza, saa nane nilikuwa bado nikiandika. Jumapili nikitoka Misa na mafundisho, nakaa mezani tena. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na meza ni moja, ile ile ya kulia. Kompyuta ikiwa juu yake, watoto wanakula chini mkekani, wakinong'ona. Mke wangu aliniambia siku moja, pasipo hasira: “Afadhali ungekuwa na kazi mjini. Wenye waume wa mjini wanangojea jioni. Mimi nangojea nini?” Nilimsikia. Nikaendelea kuandika.

Sasa nafika mahali panaponitia haya. Nilipochoka na wageni, nilimfundisha Yosefu, mwanangu wa miaka sita, kujibu mlangoni: “Baba hayupo.” Maneno mawili tu. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu amri ya nane, nilimfundisha wangu kusema uongo, nikampa na biskuti aliposema vizuri. Akazoea upesi. Akawa hodari kuliko mlinzi wa benki.

Kuna mzee mmoja katika kundi langu la wakatekumeni, mtu wa miaka sabini na zaidi, anayekaa mbali, naye hutembea kwa miguu. Alitaka nimwandikie barua kwa mwanawe aliye Likasi. Walikuwa wamegombana miaka mingi, na mzee alitaka kumwomba msamaha kabla ya ubatizo wake. Si barua ya kumwambia kila mtu aiandike. Alikuja siku ya kwanza, Yosefu akasema, “Baba hayupo.” Akaja tena baada ya siku tatu, vivyo hivyo. Mara ya tatu nilikuwa nyuma ya mlango, nikisikia fimbo yake, nikisikia anavyopumua. Nilikuwa na kurasa kumi na mbili za kumaliza kabla ya kesho yake. Mzee akamwambia mtoto, “Haya, mjukuu wangu, msalimie.” Akaenda.

Barua iliandikwa na mtu mwingine, kijana wa duka la simu, kwa malipo. Mzee alibatizwa siku ya Pasaka. Ananisalimia kwa heshima kama zamani. Lakini hakuja tena nyumbani kwangu kuniomba neno. Nami sijathubutu kumweleza.

Mwaweza kusema: Basi, hapo ndipo ulipoacha. Hapana. Moyo wa mtu ni mgumu, na ada za shule zilikuwa karibu. Kilichoniachisha ni jambo la kazi yenyewe. Nilikuwa natafsiri karatasi ya kufundisha watu kutia dawa katika maji ya kunywa. Kifaransa kilisema matone 2 kwa lita moja. Mimi, saa nane ya usiku, niliandika 20. Msahihishaji aliliona kosa kabla ya kuchapwa, akanipigia simu, akasema kwa upole tu: “Rafiki, unalala?” Nilitoka jasho. Nikafikiri juu ya mama fulani akihesabu matone yale kwa uaminifu, moja moja, mpaka ishirini, kwa sababu karatasi imesema.

Juma lile nilichukua daftari, nikaandika kila saa ya kazi, pasipo kujidanganya. Jumla ilikuwa saa 73. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwezi wa Oktoba 2002, inaweka mpaka wa saa 45 kwa juma. Lakini sheria ile yamlinda mtu mwenye bwana wa kazi. Mimi ni bwana na mtumishi pamoja, na bwana huyo hakuwa na huruma. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu ya kutisha: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, akilinganishwa na yule wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo inazidi kwa asilimia 17. Walikadiria kwamba kwa mwaka 2016 peke yake watu 745,000 walikufa hivyo. Nilimsomea mke wangu. Akasema, “Hao wa mashirika wangeniuliza mimi, ningewaambia bure.”

Tukakaa tukashauriana, yeye na mimi. Nitawaambia tuliyoyafanya, ingawa si dawa ya kila nyumba. Meza ya kulia tuliirudisha kwa wenye kula. Mimi nilinunua mbao, fundi akanipigia kameza kadogo, nikakaweka pembeni ya barza, na mke wangu akatundika kitenge chake cha zamani kama pazia. Kitenge kikifungwa, baba yuko kazini. Ni mgonjwa tu au mwenye shida ya kweli anayepita. Kikifunguliwa, baba yupo. Na kengele? Ya parokia inatosha. Inalia saa sita ya mchana na saa kumi na mbili ya jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Miaka yote nilikuwa naisikia nikiwa naandika, nikinung'unika sala midomoni na vidole vikiendelea. Sasa ikilia jioni nafunga kompyuta, hata katikati ya sentensi. Ni vigumu, ndugu zangu! Sentensi iliyokatwa inakufuata mpaka kwenye bukari.

Umeme nao haujui kengele. Siku ukikosekana mchana kutwa, nafanya kazi usiku saa tatu au nne, kisha asubuhi nalala, na saa zile naziandika katika daftari. Naangalia jumla ya juma, isipite 45. Mwezi wa ada ilipita, sitawaficha. Ilifika 58.

Wenye kazi niliwaandikia kwamba baada ya saa kumi na mbili ya jioni na siku ya Jumapili sijibu. Niliogopa sana kutuma maneno hayo. Wengi hawakusema kitu, nadhani hata hawakuona. Mmoja alikasirika, akapeleka kazi yake kwa mwingine, na hasara ile tuliisikia miezi miwili: nyama ikawa ya Jumapili tu, halafu hata Jumapili ikawa sombe. Anayewaambia kwamba kupumzika hakuna gharama, huyo analipwa mshahara wa mwezi. Lakini kosa kama lile la matone halijarudi, na mmoja wa waliobaki amekubali kuniongezea bei ya neno.

Ndugu na majirani walichelewa kuelewa. Shangazi alifungua kitenge mara mbili kwa fimbo. Yosefu ndiye aliyemshinda. Ana maneno mapya mlangoni: “Baba yupo, anafanya kazi. Kengele italia. Kaa.” Anamletea mgeni kiti. Wengine wanakaa, wengine wanaondoka, lakini wanaondoka wakijua kweli.

Nilidhani tumemaliza. Jioni moja, kengele imelia, nimefunga kompyuta, nimekaa barzani nikijinyosha kama bwana mkubwa. Mke wangu alikuwa anapuliza makala, mtoto mgongoni, maji ya kuoga ya watoto hayajapashwa moto. Akaniuliza pasipo kugeuka: “Baba Yosefu, na kengele yangu mimi inalia saa ngapi?”

Sikuwa na jibu. Alikuwa akifanya kazi ya nyumbani tangu tulipooana, pasipo pazia, pasipo daftari, wala hakuna aliyemlipa kwa maneno. Tulianza na Jumamosi: toka saa sita ya mchana moto ni wangu na watoto ni wangu, naye yuko huru. Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa dada yake. Nilisonga bukari peke yangu, ikatoka na mabonge makubwa. Yosefu aliligeuza lake mkononi, akalitazama, akauliza kama kweli mama atarudi kabla ya usiku.