Kifaru Amelala, Kifaru Kimelipuka

Kila mwongozo wa Python niliofungua ulianza na mbwa. Unaunda klasi ya Mnyama, mbwa anairithi, anabweka, basi. Kubweka nilielewa, bwana. Hiyo klasi yenyewe ndiyo iliyogoma kuingia. Wengine huiita "darasa", nami nikawa naona madawati tu.

Nafundisha Kiswahili kwa mkataba, na unaisha Desemba. Nilihitaji kazi nyingine ya mikono yangu, upesi. Mambo yalifunguka nilipoacha kusema darasa nikasema ngeli. Kifaru ana umbo la KI-VI, lakini nani husema "kimelala"? Amelala, kwa sababu amerithi tabia ya viumbe hai. Na kile cha jeshi? Kimelipuka. Jina moja, ngeli mbili, na ngeli ndiyo inayoamua kitenzi kivae nini. Dahl na Nygaard walitoa Simula 67 kule Oslo, ikiwa na klasi na urithi. Bibi zetu walishazoea hayo sokoni. (Naringa kidogo, niacheni.)

Programu yangu ya kwanza kufanya kazi inapatanisha majina na vitenzi. Ukiiandikia "kifaru", inauliza kwanza: yule wa mbugani au kile cha vita?