Bibi, Kanga na Kidude cha Rangi

Mpenzi msomaji, wiki hii sikuletei habari za taarab wala nani kamwacha nani. Nina swali moja tu: kama macho yako hayaoni, utajuaje kanga uliyojifunga ni ya rangi gani?

Usicheke. Kwa mwanamke wa Unguja hilo si jambo la mchezo. Harusini watu wana sare. Kisutu, na wekundu wake, weusi na weupe, kina shughuli zake. Ukijifunga kanga ya doti hii ukajitanda ya doti nyengine, kina somo watakusema mpaka magharibi.

Bibi yangu wa Malindi, hapo Mji Mkongwe, alipoteza macho kwa presha ya macho. Kanga anazo kasha zima. Kila akitaka kutoka lazima aite mjukuu: "Hebu niangalilie, hii rangi gani?" Na wajukuu wenyewe ndio sisi, mmoja yuko kwenye mpira, mwengine simu haimtoki sikioni. Mwisho akaanza kukataa mialiko. Alisema miguu inamuuma, lakini nyumbani kila mtu alijua si miguu.

Basi ulipofika wakati wa projekti ya kumalizia chuo, wenzetu wakachagua kengele za wezi na taa za kujiwasha. Mimi na mshkaji wangu tukachagua kidude cha kutambua rangi.

Kanuni yake wala si ya kutisha. Kitambaa chekundu kinaonekana chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu na kuumeza mwengine. Unachukua taa tatu ndogo za LED, nyekundu, kijani na buluu, unaziwasha moja moja juu ya kitambaa. Pembeni unaweka LDR, kijidude cha bei poa ambacho kikipigwa na mwanga, ukinzani wake wa umeme unashuka. Hata kwenye taa mbovu ya kujiwasha usiku unaweza kukichomoa. Kila LED ikiwaka, Arduino, lile bao dogo lililoanzia Italia mwaka 2005, inapima mwanga uliorudi na kuugeuza namba. Nyekundu ikiwa kubwa na mbili nyengine ndogo, kitambaa ni chekundu. Zote kubwa, cheupe. Zote ndogo, cheusi. Kazi imekwisha!

Haijaisha. Nyumba za Mji Mkongwe unazijua, kuta nene za mawe na chokaa. Chumbani kiza, barazani jua kali. Kanga ile ile ingetoa namba hizi ndani na nyengine nje. Tukavitia vyote ndani ya kikopo tulichokipaka rangi nyeusi, mdomo wake ukibanwa kwenye nguo, mwanga wa nje haupenyi. Na umeme tukatumia betri, maana nani kasahau kisiwa kilivyokaa gizani karibu miezi mitatu, toka Desemba 2009 mpaka Machi 2010?

Kazi nyengine ikawa majina. Mashine haijui manjano ni nini, inajua namba tu. Hapo Kiswahili kikatubeba, kwa sababu rangi zetu nyingi zina wenyewe. Manjano ni ile ile ya kwenye mchuzi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijani ni jani. Nikaenda sokoni Darajani nikanunua manjano ya unga na kahawa. Zambarau msimu wake ulikuwa umeingia. Majani tukachuma njiani. Tukavipima kimoja kimoja, tukazihifadhi namba zake. Mshkaji akasema meza yetu inanukia kama jiko la harusi.

Tukampelekea bibi rangi nane, kila moja na idadi yake ya milio. Akaijaribu kimya kimya, kanga baada ya kanga. Kisha akauliza, "Na damu ya mzee iko wapi? Au kwenu nyekundu zote moja?" Ikabidi iwe ya tisa. Mshkaji akaona milio tisa ni mingi kwa mtu mzima. Bibi akamkata kauli: "Baba, tasbihi nahesabu thalathini na tatu kila sala. Tisa ndiyo itanishinda?"

Najua wewe mjanja wa mjini utaniambia siku hizi simu inafanya yote hayo kwa kamera. Sawa. Bibi simu yake ni ya vibonye, na hataki nyengine.

Kidude kina udhaifu wake. Kinasoma nafasi ndogo kama ncha ya kidole, kwa hiyo lazima ukiguse kwenye pindo, halafu kwenye mji. Maua yakiwa madogo madogo kinababaika. Na kanga, kama ujuavyo, ina pindo, mji na jina.

Ijumaa moja kulikuwa na harusi ya jirani. Bibi alifungua kasha mwenyewe, akabana, akasikiliza, akatoa doti ya buluu. Ndipo akaniita. "Rangi nishaijua. Njoo unisomee jina, nisije nikaenda kwa watu nimevaa ugomvi."

Nikamsomea. Akacheka mpaka akakaa kitandani, akairudisha ndani, akachagua nyengine. Saa kumi alikuwa kichochoroni, na miguu haikumuuma.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetafuta projekti, kabla hujaiga ya mwaka jana, sikiliza kwanza nyumbani kwenu nani anaita "hebu niangalilie" mara tano kwa siku. Pengine projekti yako iko hapo. Na jina la kanga ile usiniulize, jirani naye anasoma gazeti.