Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Irwin Allen sikuwahi kuonana naye. Yeye alizaliwa New York mwaka 1916, mimi nikazaliwa Kitui. Yeye alitengeneza sinema Hollywood, mimi nikazionyesha katikati ya Nairobi, ndani ya chumba kidogo chenye joto kilichokuwa juu ya vichwa vya watazamaji. Lakini ukiitazama kazi ya mtu mara tatu kwa siku, wiki baada ya wiki, ukaishika kwa vidole mpaka ukajua palipoungwa na palipokwaruzika, mtu huyo huwa jamaa yako.

Nilianza kazi mwaka 1971, kijana wa kubeba makopo ya filamu, kisha nikakabidhiwa mashine. Jiji lilijaa sinema wakati huo: Kenya, 20th Century, Odeon, Embassy, Cameo, Globe. Wenye magari walikwenda Fox Drive-In, Barabara ya Thika. Wimbo wa taifa ulipigwa kwanza, watu wote wakasimama, ndipo kazi yangu ikaanza. Mashine zilikuwa mbili. Rili moja ya filamu ya milimita 35 ilikwenda dakika 20 hivi, na ikikaribia kwisha, kiduara kidogo kilitokea juu ya pazia, pembe ya kulia. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kinatokea kiduara kingine, nawe unabadilisha. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka ncha kwa ncha, na ilibidi kuvisogeza kila mara kadiri moto ulivyovila.

The Poseidon Adventure ilitoka Marekani Desemba 1972, nasi tukaipata baadaye. Meli ya abiria inapigwa na wimbi usiku wa mwaka mpya, inapinduka, dari inakuwa sakafu. Kasisi, ambaye ni Gene Hackman, anawasihi watu wapande kuelekea kitako cha meli, maana sasa ndiko juu, na ngazi yao ni mti wa Krismasi. Wengi wanakataa. Wanasema watangoja waokoaji pale pale. Kila siku, mahali hapo hapo, nilisikia ukumbi ukiwapigia kelele: "Pandeni! Pandeni!" Kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwa Kigujarati. Shelley Winters, yule mama mnene, alipopiga mbizi kumwokoa kasisi kisha moyo wake ukasimama, sauti za akina mama zilinifikia mpaka juu. Jirani yangu wa Kawangware, muuza mboga, nilimkatia tikiti siku moja. Kesho yake aliningoja njiani. "Mwanangu, yule mama walimzika wapi?"

Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa miguu baada ya onyesho la usiku, mabasi yakiwa yamekwisha: Valley Road, Hurlingham, nikaikata Lavington iliyolala nyuma ya michongoma yake, nikatokea Kawangware. Njia ile ndefu nilimwaza Allen. Habari zake nilizipata katika majarida ya mitumba yaliyotandazwa kando ya barabara mjini. Nilisoma kwamba Poseidon nusura isitengenezwe: studio iliogopa gharama, dola milioni 5 hivi, na ikambidi Allen atafute nusu ya fedha kwa marafiki. Nilisoma pia habari za ndoo. Alipotengeneza Voyage to the Bottom of the Sea, vipindi vya televisheni kuhusu nyambizi, alishika ndoo ya bati na nyundo. Akiigonga, waigizaji wote wanajirusha upande mmoja na kamera inainamishwa. Akigonga tena, wanajirusha upande wa pili. Mtu mzima, aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya hali halisi kuhusu bahari, anagonga ndoo kama mtoto! Nilimpenda kwa hilo. Nilijua kwamba bahari yote iliyotutisha ilitoka kwenye ndoo ile, na bado kila nilipoiona, magoti yangu yalilegea.

The Towering Inferno ilikuwa ya mwaka 1974, na kwangu hiyo ndiyo kilele chake. Studio mbili zilikuwa zimenunua riwaya mbili zinazofanana, naye akazishawishi zishirikiane. Steve McQueen na Paul Newman kila mmoja alitaka jina lake litangulie, kwa hiyo moja likawekwa kushoto chini, jingine kulia juu. Ukisoma kutoka kushoto, McQueen ni wa kwanza. Ukisoma kutoka juu, ni Newman. Hadithi ni ya jengo la ghorofa 138 linaloshika moto kwa sababu ya nyaya duni za umeme. Jengo letu la mikutano, KICC, lenye ghorofa 28, lilikuwa limekamilika mwaka 1973, na niliwaona watu wakitoka ukumbini wakisimama kulitazama.

Filamu ile inaanza kwa kutolewa wakfu kwa wazimamoto wa dunia nzima. Nikaona si haki wetu wasiione, wakati kituo chao kilikuwa pale pale Tom Mboya Street. Nilikwenda kuwaambia. Mmoja alikuja peke yake, mtu wa makamo. Kuna mahali watu wanakimbilia mlango wa ngazi wakakuta umezibwa kwa saruji iliyoganda. Onyesho lilipokwisha akanipandia juu.

"Kijana, ule mlango wenu wa nyuma, ufunguo anao nani?"

Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli. Meneja alieleza kwamba bila kufuli vijana wangeingia bure.

"Waache waingie, mzee," akasema yule mzimamoto. "Hapo utapoteza shilingi tu."

Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, na kabla ya kila onyesho mnyororo niliuondoa kwa mkono wangu mwenyewe. Niliifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu.

Mwaka 1978 Allen akatoa The Swarm, nyuki wa Afrika wakiishambulia Marekani. Sikuipenda. Babu yangu alitundika mizinga kwenye mibuyu na nyuki hao hao walinilipia karo ya shule. Lakini niliionyesha kwa uangalifu ule ule, kwa heshima yake.

Kisha zikaja kanda za video, na viti vikaanza kubaki vitupu. Allen alifariki Novemba 2, 1991. Habari hiyo niliipata ikiwa imechakaa, katika jarida la mitumba. Usiku huo nilipanda chumbani mapema, nikakaa peke yangu kati ya zile mashine mbili.

Januari 28, 2009, supamaketi iliungua katikati ya jiji letu. Walionusurika walilalamika kwamba walikuta milango imefungwa. Nilitazama moshi ule kwenye televisheni, Kawangware, na sikuweza kula.

Ukumbi wangu sasa ni kanisa. Mwaka jana niliingia ibada ya Jumapili, nikapita nyuma ya viti vya mwisho na kuusukuma ule mlango. Ulifunguka.