Slaking Hahitaji Huruma Yako

Wasee, kila nikiposti timu yenye Slaking mnaniandikia yaleyale: "huyo sokwe ni wa kuchekesha tu." Sawa. Tuangalie namba kwanza, ndio mcheke mkiwa mnajua mnachocheka.

Jumla ya takwimu zake za msingi ni 670, sawa kabisa na Kyogre na Groudon, wale wa kwenye kava la gemu. Attack yake ni 160. Garchomp, ambaye nyote mnamwogopa, ana jumla ya 600. Shida ya Slaking ni tabia moja tu ya kuzaliwa, Truant: anapiga zamu moja, inayofuata anakaa chini kujikuna. Mpinzani mwenye akili anajificha na Protect zamu Slaking anapiga, kisha anamtwanga akiwa amezubaa.

Sasa wengi hufanya nini? Wanafanya harambee. Wanaweka Slaking, halafu wanaita nyota watano wa kila siku wakitumaini watambeba. Hiyo sio timu, hiyo ni kamati ya mazishi.

Mimi huanza na Weezing. Weezing mwenye Neutralizing Gas akiwa uwanjani, tabia za karibu kila mtu zinazimika, zako na za mpinzani. Kwa vita vya wawili-wawili unawaweka bega kwa bega, na Slaking anapiga kila zamu. Incineroar akiingia na Intimidate yake, hakuna kitu. Hapo ndio utajua 160 ni nini.

Lakini gesi ina bili yake, manze. Weezing akibeba gesi hana Levitate, so mapigo ya Ground yanamuumiza vibaya. Maana yake hata Slaking mwenyewe hawezi kupiga Earthquake ovyo, atamuua rafiki yake. Na nyuma usilete mtu wa kuita mvua au jua akiingia, gesi itamzima pia. Kila mpinzani atamwinda Weezing kwanza. Wacha amwinde! Mpe Weezing Focus Sash na Protect. Kila zamu wanayopoteza wakimfukuza, Slaking anapiga bila kuguswa. Mimi hiyo nachukua siku yoyote.

Kuna wale watanitajia Sejun Park wa Korea Kusini, aliyeshinda ubingwa wa dunia 2014 na Pachirisu, kindi mwenye jumla ya 405. Mnaisimulia kama hadithi ya mapenzi. Buda, yule kindi alikuwa kazini. Follow Me yake ilivuta mapigo yaliyolenga wenzake, na Volt Absorb ikameza umeme ambao ungemchoma Gyarados pembeni yake. Hakuwekwa pale kwa sababu ni mrembo.

Neno "mvivu" nalijua vizuri, by the way. Niliacha chuo, na kuna anti yangu bado hunitambulisha nalo kwa wageni kabla hata chai haijaiva. Kwa hivyo labda huyu sokwe namtetea kuliko inavyofaa. Lakini namba zake sikuziandika mimi.

Ijumaa usiku niko laivu kwa Pokémon Showdown na timu hiihii, sibadilishi mtu. Mwenye Garchomp aje naye. Weezing atakuwa mbele.