Kabla hujamrushia jiwe mwewe, mtazame mkia

UKISHUKA Iyunga, jijini Mbeya, utaona malori yakielekea Tunduma, na nyuma ya nyumba nyingi kuna vishamba vya mahindi. Huko anaishi mama yangu mdogo, anayefuga kuku wa kienyeji.

Nilipomtembelea, nilimkuta mwanawe wa miaka 11 ameshika manati, akimlenga ndege aliyetua juu ya nguzo ya umeme.

"Dada, huyo ndiye mwewe anayetumalizia vifaranga!"

Nilimwomba tumtazame kwanza. Mwewe ni wa kahawia, mdomo wake ni wa njano na mkia una panda kama ya hiyo manati. Huyu alikuwa na kifua cheupe, mgongo mweusi na mkia mfupi mwekundu kama tofali. Ni shakivale, ndege wa kawaida huku nyanda za juu.

Hata riziki wanaitafuta tofauti. Mwewe huzunguka juu ya masoko na majalala akiokota mabaki, na kifaranga aliye peke yake humbeba. Shakivale anaweza kumchukua kifaranga pia, lakini zaidi hukaa juu akivizia panya, fuko, mijusi na nyoka.

Hatukungoja sana. Alishuka kwenye mahindi, akaruka na panya kuchani. Mdogo wangu akashusha manati.

Panya hawamalizi mahindi tu. Homa ya mgunda, iliyoua watu watatu mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwamo.

Mama mdogo naye alikuwa na sumu ya panya, ameiweka rafu moja na unga. Mtoto akiishika kisha akala bila kunawa, yuko hatarini. Na ndege akila panya aliyekula sumu, anaweza kufa naye.

"Sasa mwanangu, mwewe wa kweli akija nifanyeje?" aliuliza.

Mzazi mwenzangu, jibu ni lile lile kwako: vifaranga wafungiwe kwenye banda lenye wavu hadi juu, nafaka ikae kwenye pipa lenye mfuniko, na sumu isikae jikoni kabisa.

Jioni mdogo wangu alikuwa akipigilia wavu. Manati aliitundika ukutani, ingawa hakukubali kunipa.