Mkia wa Faili

Mtahiniwa, kabla hujagusa maswali ya mada hii ya amri za kompyuta, nikusimulie kilichonipata mwaka wangu wa pili kazini. Wengi wenu huikariri amri ya tail kama mnavyokariri tarehe za vita, kisha swali likigeuzwa kidogo mnakwama. Mimi sikuikariri. Niliielewa kwa aibu.

Shule yetu ni ya wasichana. Siku hiyo nilikabidhiwa orodha ya watahiniwa 163 wa kidato cha nne, imepangwa kwa alfabeti katika faili la watahiniwa.csv. Mstari wa kwanza ulikuwa wa vichwa vya safu, kwa hiyo mistari yote ilikuwa 164. Kazi yangu ilikuwa kuihamisha kwa flashi kutoka maabara hadi kompyuta ya ofisini, inayotumia Linux, ili mwalimu wa taaluma aitume. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Kwa haraka zangu nikaichomoa flashi bila kuitoa kwa utaratibu. Kompyuta huweza kuonyesha imemaliza kunakili ilhali sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu yake, haijaandikwa kwenye flashi. Na hilo nilikuwa nalifundisha mwenyewe darasani!

Ofisini nikaandika:

head watahiniwa.csv

Ikaja mistari kumi ya kwanza: vichwa, kisha majina ya A. Safi kabisa. Nikasema, "Tayari, mzee. Unaweza kutuma."

Mwalimu wa taaluma ni mtu wa hisabati, anakaribia kustaafu. Hakunyanyua hata macho. "Na mkia umeuangalia?"

Nikaandika:

tail watahiniwa.csv

Usipoipa idadi, amri hii huonyesha mistari kumi ya mwisho. Tisa ilikuwa mizima. Wa kumi ulikuwa na herufi tatu tu: Zai. Baada ya hapo, hakuna kitu.

Jasho likanitoka. Wasichana wanne wenye majina ya Z walikuwa wamebaki nje, na orodha ile ingekwenda hivyo hivyo. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akiniletea madaftari ya darasa kila asubuhi.

Nikajaribu wc -l, amri ya kuhesabu mistari. Ikatoa 160. Angalia vizuri hapo: tail ilinionyesha ule mstari uliokatika, lakini wc haikuuhesabu, kwa sababu yenyewe huhesabu alama za kumaliza mstari, na kipande kile hakikuwa nayo. Nikakimbia maabara, nikanakili upya, nikaitoa flashi kistaarabu. Safari hii nikaandika tail -n 4 watahiniwa.csv. Wanne wote wakatokea. Wc nayo ikasema 164. Mzee akatuma, akafunga ofisi, hakunisema neno. Afadhali angenisema.

Kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wangu kila mwaka, nalo ni alama ya kujumlisha. tail -n 2 huleta mistari miwili ya mwisho. tail -n +2 huanzia mstari wa pili na kwenda hadi mwisho wa faili. Kwa orodha yangu, ingeruka vichwa na kuleta majina yote 163. Alama moja tu, majibu mbalimbali kabisa. Na tail -f haimalizi kazi ikaondoka: hubaki ikilisubiri faili, kila mstari mpya unaoongezwa mwishoni nao huonekana, mpaka uisimamishe kwa Ctrl na C. Wasimamizi wa mitambo huitumia kufuatilia faili za kumbukumbu, maana humo jipya huandikwa mwishoni.

Namba za mtihani zilipotoka, yule msichana wa madaftari alinifuata barazani.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona mimi nimewekwa wa mwisho kabisa?"

"Marahaba. Ni alfabeti tu, mwanangu," nikamjibu. "Nimehakikisha mwenyewe."